Masharti Matatu ya Unga

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Gauthier, karani wa depo yetu ya Hewa Bora, anahamia Kolwezi. Kiti chake kitabaki wazi. Kina mto! Mimi tangu nitoke Manono nabeba magunia, mgongo umekwisha. Nimemwambia Mama Albertine, mwenye depo, kwamba najua kompyuta. Sijui. Kasema atanipima Alhamisi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemlisha Gauthier bukari na samaki ili anifundishe. Kala kwanza. Kisha kanionyesha kanuni, SOMME.SI.ENS. Unaipa masharti, inajumlisha mistari inayoyatimiza yote. Bidhaa iwe unga, depo iwe Hewa Bora: jibu likaja, sahihi. Kasema vidole vyangu vinene, vinabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Wivu. Yeye huweka masharti mawili. Mimi nitaweka matatu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mama kataka jumla ya unga uliopo Hewa Bora na depo yake nyingine ya mjini. Nikaandika: bidhaa iwe unga, depo iwe Hewa Bora, depo iwe Mjini. Jibu: sifuri. Nikaandika upya. Sifuri. Nyuma yangu unga umepangwa hadi kwenye bati. Lakini kompyuta imesoma kuliko mimi. Nikasema, Mama, bunga iko zéro. Akashika kichwa, akapiga simu Kasumbalesa, akaagiza lori zima. Kisha akaniita karani wake.
Nimempigia mke wangu Exaucée, Manono. Parokia nzima imeshajua.

Ijumaa, 12 Septemba
Gauthier kaja kuaga, kaitazama kazi yangu, kacheka mpaka kaketi sakafuni. Kauliza, vieux, mzee wangu, gunia moja linalala Hewa Bora na mjini usiku huohuo? Hata mume wa wake wawili hawezi. Ilipasa kujumlisha kila depo peke yake, kisha kuunganisha. Nimemsihi asimwambie Mama. Hakumwambia.

Jumamosi, 13 Septemba
Lori ndilo lililomwambia. Mama kafungua depo, katazama unga, kanitazama mimi. Afadhali angefoka. Kasema taratibu: Papa Donat, ile bunga yenye iko zéro, utaitafutia fasi weye mwenyewe. Nimeshusha lori lote. Kiti kapewa Constance, anayepokea pesa mlangoni.

Jumapili, 14 Septemba
Misa imenipita, siwezi kuinama kufunga viatu. Exaucée anataka picha yangu ofisini. Nimelala chali, nikawaza sana, na kosa nimeligundua: masharti yalikuwa machache mno. Kesho namwomba Mama anipime tena. Nitaweka saba.