Mashine Yangu Inaosha

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimerudi! Siku mbili za semina kule Nyasubi, Kahama, zimenifumbua macho. Mtaalamu alisema wabunifu wengi hufa na michoro mfukoni. Usisubiri kitu kikamilike. Tengeneza cha majaribio leo, kwa vitu ulivyonavyo. Mpe mtumiaji kesho. Kikishindwa, rekebisha keshokutwa. Akaongeza na jambo la kumsikiliza mtumiaji, lakini hapo chai ilikuwa imeshaletwa.

Nikiwa bado ndani ya basi nilijua cha kutengeneza. Hapa machimboni Geita watu wanaosha mchanga wa dhahabu kwa ubao ulioinamishwa, magunia ya katani juu yake, maji kopo kwa kopo. Kiroba kimoja, saa nzima! Mimi nitaosha viwili kwa dakika tano. Pipa na baiskeli, basi. Nimechora mara tatu.

Mke wangu Justa kauliza kama nimeleta sukari. Sikuleta.

Jumanne, 6 Agosti

Toleo la kwanza tayari kabla ya saa sita mchana! Nusu pipa, limetobolewa kwa msumari, linazungushwa na mnyororo wa baiskeli yangu. Ukikanyaga pedali maji yanatoka kwa kasi ya kutisha. Magunia nimeyaondoa kabisa, maana ndiyo yanayochelewesha maji. Justa kauliza bila magunia dhahabu itashikwa na nini. Nikamweleza kwa upole kwamba hilo ni swali la mtu ambaye hakwenda semina.

Sasa mchanga wa kujaribia. Shemeji Mayala, mdogo wake Justa, anao! Viroba sita. Miezi minne chini ya shimo, kisha akayatwanga mawe mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Anatafuta ng'ombe kumi na wawili wa kumwoa Martina, binti wa Kishapu. Baba wa binti amesema wafike Jumapili ya tarehe 18, la sivyo Martina anakwenda kwa mnunuzi wa pamba mwenye ng'ombe ishirini na pikipiki. Nikamwambia Mayala kwa mashine yangu atakuwa Kishapu kabla wiki haijaisha. Akasema yaya, yaya, kwa Kisukuma chao, yaani hataki. Nikamkumbusha ni nani aliyempokea machimboni. Akaanza kuvitoa viroba. Ana adabu sana huyu.

Jumatano, 7 Agosti

Majaribio! Tumekwenda kwa Mama Generosa, mwenye mwalo wa kuoshea, pale penye maji. Desturi ya hapa hata mtoto anaijua: dhahabu ni ya mwenye mchanga, na mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio, unabaki kuwa mali ya mwenye mwalo. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akalitazama pipa, akauliza magunia yako wapi. Nikamwambia hayahitajiki tena. Akatabasamu! Mama huyu hajawahi kunitabasamia tangu nimjue. Akasema maji nitumie bure, akaniletea na maandazi.

Viroba viwili, dakika tisa. Tisa! Wachimbaji wakaacha mbao zao kuja kutazama. Dhahabu iliyopatikana: hakuna. Nimeandika kwenye kumbukumbu: kasi, nzuri sana, dhahabu, irekebishwe. Mayala kakaa chini kashika kichwa. Hajazoea utafiti.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wanasherehekea, mimi kazini. Asubuhi nilikwenda mjini kwa Liaquat mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hafungi hata sikukuu. Nikamweleza mashine tangu mwanzo. Wateja walikuwa wengi lakini sikuharakisha. Mwishowe akanipa pedali mbili bure kabisa, akanisihi niende nikaanze kazi sasa hivi. Mfanyabiashara hodari huona mbali!

Toleo la pili: ndani ya pipa nimetandika kitambaa cha plastiki cha mezani, kile cha Justa chenye picha za mananasi. Kinateleza vizuri mno. Viroba viwili, dakika sita! Dhahabu: hakuna. Mama Generosa kaleta chai ya maziwa. Rundo la marudio yangu amelizungushia miiba. Anapenda usafi. Akaniita kwa jina la binti yangu, akasema jaribu tena, Baba Bernadina, mvumilivu hula mbivu. Ndiye mtu pekee hapa anayeelewa ubunifu.

Justa hasemi nami. Kumbe kile kitambaa alipewa siku ya harusi yetu.

Ijumaa, 9 Agosti

Wazo limenijia nikiwa nanawa uso. Uchafu hutoka kwa sabuni! Basi mchanga nao uachane na dhahabu kwa sabuni. Toleo la tatu: pakiti mbili za sabuni ya unga. Povu likapanda mpaka juu ya tandiko la baiskeli. Mayala ndiye aliyekuwa anakanyaga, akabaki kuonekana kichwa tu. Viroba viwili vya mwisho, dakika nne! Nimevuka lengo!

Dhahabu: hakuna.

Mayala akalia. Mtu mzima, mbele za watu. Moyo uliniuma, sitadanganya. Nikamfariji kwamba huenda mchanga wake haukuwa na kitu tangu mwanzo. Justa akasikia. Akachukua karai, akavuka miiba, akachota viganja viwili vya marudio, akazungusha polepole na maji. Chini ya karai kukabaki mstari wa njano, unang'aa. Mama Generosa akalidaka karai na kupiga kelele kwamba marudio ni yake na aliyevuka miiba ni mwizi. Kila mtu akapiga kelele. Na mimi nilipiga, kwa furaha. Dhahabu ipo!

Jumamosi, 10 Agosti

Kesi. Mwenyekiti wa wachimbaji, Ngassa, anaumwa jino na alitaka tumalize upesi. Mama Generosa kasema desturi ni desturi, marudio ni ya mwenye mwalo. Justa akasimama. Akasema marudio ni mchanga uliooshwa. Huu haujaoshwa, umezungushwa tu. Kwa hiyo bado ni mchanga wa Mayala.

Watu wakaguna. Ngassa akanigeukia mimi. Akasema Theonest, jibu fupi, mashine yako inaosha au haioshi?

Mayala ananitazama, Justa ananitazama. Nilielewa vizuri. Nikisema haioshi, Mayala anaoa. Nikisema inaosha, Martina anapanda pikipiki ya mnunuzi wa pamba. Nilifungua mdomo niseme haioshi. Naapa! Halafu nikaona watu wa nyuma wamepanda juu ya magogo ili wanione. Mimi! Nikasema inaosha kuliko mashine yoyote Afrika Mashariki.

Mama Generosa akapiga vigelegele. Justa akafumba macho. Mayala akainuka aondoke.

Ngassa akashika shavu lake, akamwambia akae. Akasema vema, kama inaosha jambo ni rahisi. Mama Generosa ana kiroba chake pale kibandani. Akimimine mashinini, sote tuone.

Mama akaruka kama kaungua. Mchanga wake yeye? Ndani ya takataka ile? Kwani amerogwa? Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama akaziba mdomo, lakini maneno yalishatoka. Ngassa akasema kesi imekwisha, rundo lote ni la Mayala, na yeye anakwenda kung'oa jino.

Takataka! Na nilidhani ni rafiki.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa Mayala na Justa wameosha rundo lote kwa ubao na magunia. Taratibu, kopo kwa kopo. Inachosha hata kutazama. Povu liliwasumbua kidogo. Jioni dhahabu ya ng'ombe kumi na wawili ilikuwa ndani ya kichupa cha dawa, na ikabaki ya kumnunulia mama yake Martina shuka. Justa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kisha akaniona, akaacha.

Nimemwomba Mayala punje tano tu za kujaribia toleo la nne. Alikubali kwa kichwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mayala hayupo! Kapanda basi la kwanza la kwenda Kishapu, na kichupa kakifunga kifuani. Hakuniaga. Ni haraka ya mapenzi, namsamehe. Justa anasema tangu Jumamosi alikuwa anapanga jinsi ya kuondoka bila mimi kujua, ila Justa bado ana hasira ya kitambaa.

Nimefikiri sana kuhusu ile kesi. Mama Generosa alikataa kwa kuwa aliogopa mashine ingeonyesha wazi kwamba mchanga wake hauna dhahabu. Hakuna maelezo mengine. Kwa hiyo mashine imeshinda!

Toleo la nne litakuwa na baiskeli mbili. Na mchanga nimeshapata! Kuna bwana mmoja, Donatus, mpole, ametoka Runzewe jana jioni. Ana viroba kumi na hamjui mtu yeyote hapa. Nimemwahidi dakika tatu.