Machela Haishushwi Njiani

Jumatatu, 8 Septemba

Siku njema kwa nidhamu. Nimesimamisha watu watatu kazi kabla ya chai!

Yeseri, Erisa na Wahabu, wote zimamoto wa kiwanja chetu cha ndege hapa Kitswamba. Walitakiwa kuripoti saa moja asubuhi. Wamefika saa nne, udongo magotini. Yeseri akajieleza: kuna mama alishikwa na uchungu juu mlimani, kikundi cha machela, kinachowabeba wagonjwa hadi kwa mganga, kikaitwa, na mwanakikundi akiitwa lazima aende. Wote watatu wanatoka mlima mmoja juu ya mji wa Bwera. Ni mlima wangu pia, lakini hilo halihusiani na kazi. Mimi mwenyewe sijashika machela tangu nimalize shule.

Nikamwambia ndege haingoji mtu. (Leo hakukuwa na ndege.) Nikawapa barua: mwezi mzima nyumbani.

Medius, ofisa wa mafunzo, amesema mbele ya watu kwamba nimekosa utu. Ninamjua huyu. Mkurugenzi wetu, Bwana Abaho, atateua mkuu wa rasilimali watu mwisho wa wiki hii, na waliobaki ni wawili tu: mimi na yeye. Anakitaka kiti changu. Hata sijakikalia bado!

Jumanne, 9 Septemba

Balaa.

Mamlaka ya anga imepiga simu. Mkaguzi, Bwana Kyomuhendo, anafika Ijumaa. Atapitia faili za wafanyakazi, kisha atafanya zoezi la dharura. Kitabu cha uendeshaji cha kiwanja chetu kinasema wazi: ndege ikitua, zimamoto sita wawe wamesimama. Nimehesabu mara tatu. Tunao watatu. Wengine niliwarudisha nyumbani jana kwa saini yangu mwenyewe, tena kwa wino mwekundu.

Wakipungua, kiwanja kinafungwa. Watu arobaini wanakosa kazi, na wa kwanza wao ni mimi.

Medius ameshauri niwapigie simu na kuwaomba radhi. Radhi! Ofisa wa rasilimali watu akianza kuomba radhi, wafanyakazi wamwogope nani? Nimemjibu kwamba nina mpango.

Sina mpango.

Jumatano, 10 Septemba

Nina mpango!

Nimekwenda Nyakalengija, kule wageni wanakoanzia kupanda Rwenzori. Wapagazi wamejaa, vifua vipana, miguu ya chuma. Nimezungumza na kiongozi wao, Ezironi. Atakuja Ijumaa na wenzake wawili. Vyeti vya mafunzo vimo failini tayari, vya Yeseri na wenzake, na picha zilizomo zimefifia hata mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe. Kazi yao ni kusimama tu. Wasiseme kitu. Mkaguzi akiuliza jina, wasome lililoandikwa kifuani.

Nimewaahidi chakula cha mchana na kuiona ndege kwa karibu. Ezironi ameuliza swali moja tu: machela ipo? Nikamwambia ipo, ya kisasa, ya chuma. Akaridhika kabisa. Watu wa kijijini hufurahia vitu vidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Ufunguo wa stoo ya sare anao Medius, na kwa Medius siombi kitu. Basi nikateremka hadi sokoni Mpondwe, mpakani. Muuzaji mmoja Mkongomani akanionyesha makoti ya manjano. Nikauliza kama kweli ni ya zimamoto. Akaapa: "Patron, mutu akivaa hii, hata moto iko inamuogopa." Nimechukua matatu. Yananuka samaki kidogo.

Wakati wa kurudi, pale Bwera, nikamwona Yeseri. Nikajificha nyuma ya marobota ya mitumba. Akanifuata hukohuko! Akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Bosi, mama yako iko nakohoa sana. Panda umuone." Nikamjibu kwamba mtu aliyesimamishwa kazi anawasiliana na ofisi kwa barua.

Baadaye nikampigia mama. Sauti ndogo. Kifua kinambana, amesema, lakini nisihangaike. Nimemwahidi Jumapili. Leo ningepandaje, na makoti yale hayana majina bado?

Ijumaa, 12 Septemba

Nitaandika yote.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Mkaguzi akasoma faili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoka nje, akahesabu zimamoto: sita! Ezironi kifuani ameandikwa YESERI, kasimama wima. Nikamtazama Medius. Alikuwa ameshika kichwa.

Kisha zoezi. Mkaguzi akasema yeye mwenyewe atakuwa abiria aliyeumia. Akalala kando ya njia ya kurukia, king'ora kikalia. Zimamoto wetu watatu wakashika mipira ya maji. Wapagazi wangu wakamweka mkaguzi kwenye machela, wakamfunga mikanda, wakainua. Sekunde arobaini! Hata Medius alipiga makofi.

Walitakiwa kumfikisha kwenye gari la wagonjwa, hatua hamsini. Wakafika kwenye gari. Wakalipita.

Nikadhani hawakuliona. Nikapiga kelele. Hawakugeuka. Wakatoka langoni mbio, wanapokezana mipini bila kusimama, wakashika barabara ya kituo cha afya. Nikawakimbilia na viatu vyangu vya ofisini. Mkaguzi alikuwa anapiga kelele kwamba ni mzima, hana hata jeraha. Ezironi akamtuliza: "Tulia mzee. Mgonjwa kila siku nasema iko mzima." Nikawaamuru wamshushe. Ezironi akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Machela haishushwi njiani, akasema. Ikishushwa kabla ya kufika kwa mganga, mgonjwa anakufa.

Kilomita mbili! Watu wakatoka mashambani. Wengine wakavua kofia. Mama mmoja alianza kulia.

Kule kituoni ndipo nilipoumia mimi. Kila kikundi cha machela kina daftari, na mganga lazima aandike majina ya kweli ya waliobeba, la sivyo nyumbani wanahesabiwa watoro. Ezironi alikuwa na la kikundi cha kwao mfukoni, ndani ya koti la samaki. Mganga akauliza majina. Wakataja yao, moja moja, kwa fahari. Mkaguzi, bado amefungwa mikanda, akayasoma majina ya vifuani. Kisha akanigeukia.

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama leo.

Jumamosi, 13 Septemba

Bwana Abaho amekuja mwenyewe kutoka Kampala. Kiwanja hakifungwi. Tumepewa siku kumi na nne turudie zoezi na watu halali. Mkaguzi ameandika kwamba ubebaji ule ni bora kuliko wote aliowahi kuuona, na kwamba faili zile ni za aibu kuliko zote.

Yeseri na wenzake wanarudi Jumatatu. Medius ndiye mkuu wa rasilimali watu. Amemwajiri Ezironi afundishe wengine kubeba! Mimi nimeondolewa ofisini. Nitakaa langoni na daftari la mahudhurio. Bwana Abaho alitaka kunifukuza kabisa, Medius akanitetea. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 14 Septemba

Simu saa tano. Mama amezidiwa.

Nilipofika Bwera walikuwa wanateremka, mvua kubwa, mlima wote utelezi. Watu kumi na wawili wanapokezana. Mbele kabisa, mpini begani, Yeseri. Juu ya machela, chini ya turubai, mama yangu. Alikuwa mdogo sana. Nikashika mpini, nikateleza, nikaanguka. Hawakusimama kuniokota. Machela haishushwi njiani.

Daktari amesema ni nimonia, na wangechelewa kidogo tu tungesema mengine. Nimelia mbele ya watu, sioni haya kuandika. Nimeshika mikono yote miwili ya Yeseri, nikamwambia sitasahau hadi naingia kaburini. Nilimaanisha kila neno.

Mimi nimelazimika kurudi Kitswamba, kesho ninaanza kazi langoni. Yeseri amejitolea kubaki kando ya kitanda cha mama hadi asubuhi.

Jumatatu, 15 Septemba

Langoni tangu saa kumi na mbili. Meza ndogo, daftari jipya, kalamu nyekundu. Kumbe lango ni mahali pazuri. Kila mtu anapita mbele yangu, hata Medius. Amefika ikiwa imebaki dakika moja. Nimeiandika hiyo dakika.

Yeseri ametokea anakimbia, udongo magotini. Mama amekunywa uji, amesema. Amekaa kitandani, ameniulizia. Machozi yakanitoka tena! Nikamkumbatia pale pale langoni, nikamwita ndugu yangu. Akaenda kuvaa sare.

Nikajifuta macho, nikatazama saa, nikaandika: Yeseri, zimamoto. Amechelewa dakika arobaini. Sababu: mambo binafsi.