Sukari ya Ubatizo wa Mabula

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya Mungu na watu. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana najua huko kisimani mtaletewa habari zilizoongezwa chumvi.

Mume wangu mnamjua, Baba Mabula. Anaamini kila mtu. Kumpatia mtoto wetu baba wa ubatizo ilikuwa kazi, maana wachimbaji wenzake ama hawajabatizwa ama wana wake wawili, na Padri hataki kusikia. Basi akaniletea Faustini, eti walisoma katekisimu pamoja utotoni. Mtu wa Shinyanga mjini. Ana pikipiki. Amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa! (Nani anang'arisha viatu kuja Nyarugusu?)

Mimi hawa akina baba nawajua. Hapa machimboni kuna baba wa duara, mwenye shimo la dhahabu: anawalisha unga na maharage mkiwa chini ya ardhi, mawe yakitoka ni yake. Kuna baba wa ofisini, yule kigogo ambaye ukimtaja jina tu unapewa kazi, na akianguka mnaanguka wote. Halafu kuna huyu wa kushika mshumaa kanisani. Wote baba, na hakuna aliyezaa. Nikajiuliza, huyu wa viatu ni wa aina gani?

Alhamisi alikuja kujitambulisha. Nikampa uji. Hata haujapoa, akaanza.

"Mama Mabula, wageni watakuwa wengi?"

"Wa kiasi."

"Na sukari je, mnayo? Huwa mnaiweka wapi?"

Mgeni gani anauliza sukari inawekwa wapi? Nanyi mnajua hali ilivyo. Msako kila mahali. Ukikutwa na sukari kupita ya kaya yako, umeshakuwa mhujumu uchumi. Na mimi ninayo. Nimeidunduliza tangu mimba ya Mabula, nyingine ya duka la ushirika, nyingine ya mlango wa nyuma (msiniulize mlango wa nani), ili siku ya ubatizo watu wanywe chai ya maana. Wakiikuta, anayebebwa na karandinga ni mwenye nyumba. Mabula atabaki na baba wa ubatizo tu.

Nami nikamgeuzia maswali.

"Shemeji, wewe kazi yako nini hasa?"

"Aa, nazungukazunguka. Isaka, Kahama, huko."

"Kabila?"

"Msumbwa."

"Balozi wako wa nyumba kumi nani?"

Akakohoa. Akaaga. Nikamwambia mume wangu, huyo ni mpelelezi. Akacheka mpaka akalala chali. "Faustini? Huyo hata panya anamwogopa!" (Ndivyo wapelelezi wanavyojifanya.)

Leo asubuhi nikawaza: tukiwa kanisani sote, wenzake si watapekua nyumba? Sukari siiachi. Nikaimimina kwenye foronya, nikaifunga tumboni kwa kitenge, juu nikavaa gauni, juu tena khanga. Nani atampekua mama aliyebeba mtoto wa kubatizwa? Nilijiona nina akili kweli.

Mlangoni mwa kanisa yule bibi anayeuza karanga akanitazama tumbo. "Mwangaluka, Mama Mabula! Mwingine tayari? Hata huyu hajaota jino!"

Nikavuta khanga, nikaingia ndani haraka.

Tukasimama mbele. Faustini pembeni yangu, jasho linamtoka, macho hayatulii. Nikajua tu, huyu anasubiri wenzake. Padri, yule mzee wa Kizungu anayejua Kisukuma kuliko watoto wetu, akasema baba wa ubatizo ampokee mtoto. Nikamkabidhi Mabula. Mabula, mtoto wa kujitakia makubwa, akashika fundo la khanga yangu. Faustini akavuta. Mabula akavuta. Ndani nikasikia kitu kinafumuka.

"Je, mnamkataa shetani?"

"Tunamkataa!"

"Na mambo yake yote?"

Chururu! Sukari ikashuka mguuni hadi kwenye sakafu ya saruji, nyeupe, inang'aa. Kanisa zima kimya, linasikiliza sukari. Faustini akainama, akatazama, akaniangalia usoni. Nikachanganyikiwa. Nikapiga kelele:

"Si yangu, Padri!"

Padri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama," akasema taratibu, "zamani tulikuwa tunamwekea mtoto chumvi ulimini. Hii ya sukari sijaisoma popote."

Weee! Kanisa liliangua kicheko. Katekista ndiye aliyecheka kuliko wote. Misa ilipokwisha akina mama wakajitolea kufagia, na sijawahi kuona kanisa likifagiwa kwa bidii namna ile. Kila mmoja na kitambaa chake.

Nikatoka nje, nikamwachia mume wangu Mabula, nikanyoosha mikono. "Haya shemeji, nikamate mimi. Mume wangu hajui lolote."

"Nikukamate?" Faustini akafungua boksi la spana la pikipiki yake. Chini ya spana, sukari! "Mimi napakua mabehewa Isaka, mama. Nilikuuliza nijue kama mmepungukiwa, nilete. Halafu ukaniuliza kabila na balozi, nikajua mpelelezi ni wewe! Tangu Alhamisi sijala vizuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alikuwa amekaa chini anashika mbavu, hana hata sauti.

Faustini akamchukua Mabula mapajani mwa baba yake, polepole, akamfuta punje za sukari shavuni.

"Leo nimeapa kumlea huyu mtoto, wazazi wake wakishindwa," akasema. "Sikujua mngeshindwa kabla hata Padri hajamaliza."