Vifungo Elfu Moja na Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Miezi kumi na sita sijalala usingizi kamili. Leo wifi yangu, mwalimu wa hesabu, kaja kuchukua sketi niliyompunguzia kiuno. Kanikuta mtoto kaning'inia mguuni, mume anauliza soksi, mteja anagonga. Kacheka. Kaniambia kuna namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaionea wivu. Mimi nagawanyika kwa kila anayepita!

Tukawekeana dau. Nikipata mwenyewe namba tasa iliyozidi elfu, atakaa na mtoto Jumamosi nzima nilale. Nikishindwa, namshonea mapazia ya nyumba nzima. Madirisha tisa. Anadhani darasa la saba langu halifiki huko. Haya.

Jumanne, 4 Juni
Nimeipata! 1001. Moja huku, moja kule, hakuna wa kuisogelea. Nikampigia simu. Alikuwa anatafuna, hata hakumeza: saba mara mia moja arobaini na tatu. Nikamchomekea 1003. Kumi na saba mara hamsini na tisa. Mtu gani huyu?

Alhamisi, 6 Juni
Akili! Nimemwaga kopo la vifungo mkekani. Namba ikipangika kwenye safu zinazolingana, imegawanyika. 1007 ikanisaliti kwenye safu za kumi na tisa. Nikaongeza viwili. Safu za mbili, tatu, tano, saba: kila mara vinabaki. Niliogopa nitapanga mpaka safu za elfu. Kumbe thelathini na moja yatosha! Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili zinataka vifungo 1024, sina. Zaidi ya hapo ni kuzunguka mkeka tu na kuita urefu upana. Nimegundua mwenyewe, mtoto mgongoni.

1009 haigawanyiki. Mapazia akashonewe na mama yake. (Mama yake ni mama mkwe wangu. Nafuta.)

Jumamosi, 8 Juni
Wifi kataka kuona safu za saba. Nikapanga kwa mbwembwe. Zikaisha sawasawa! Safu mia moja arobaini na nne, hakuna kilichobaki. Wifi akaanza kutaja rangi ya mapazia.

Hapo nikaona shavu la mtoto limevimba. Nikamshika kidevu. "Toa, mwanangu." Akatoa kifungo cha koti, cheusi, kimelowa. Nikamkanya, nikambusu, nikakiweka mwisho wa safu. Peke yake.

Wifi akakigusa kwa kidole, akamnyanyua mtoto.

"Haya wifi, kalale."

Jumapili, 9 Juni
Jana sikulala. Siku nzima nilikaa kitandani natafuta inayofuata. (Ni 1013.) Wifi alipomrudisha mtoto, akauliza mbona macho mekundu. Nikamwekea dau jipya: namba tasa iliyozidi elfu kumi, anilelee wiki nzima. Nikishindwa, nashona sare za darasa lake lote, watoto arobaini na watatu. Kakubali upesi mno, masikini.

Namba ninayo tayari. 10,001. Moja huku, moja kule, hakuna wa kuisogelea. Hii hata vifungo haihitaji.