Sura Yangu Haikuonyesha Njaa

Pasiansi, Mwanza
14 Aprili 2024

Kwa Shemeji Alhaji Khalidi,
Mfadhili wa Wajane, Buswelu.

Shikamoo shemeji. Mimi Mwanvua, mjane wa rafiki yako Salum, nilipokea unga wako wa Ramadhani na nashukuru. Ulikuwa mzuri, haukuwa na wadudu. Nina malalamiko machache, nayaandika kwa heshima.

1. Nilipigwa picha mara tatu nikipokea mfuko uleule. Mpiga picha wako alisema sura yangu haionyeshi njaa. Naomba radhi, nilikuwa nimekula daku. Mwakani tutangaziwe mapema ili tusile.

2. Katika hotuba yako ulisema unatoa kwa sababu ulikulia kwenye njaa kule Kamanga. Njaa hiyo naona inanenepa kila mwaka. Mwaka juzi ulilala bila kula siku moja, mwaka jana wiki nzima, mwaka huu umefika kwenye mizizi. Salum alinisimulia vingine. Mlikula sahani moja, na aliyewapakulia ni mama yake, Kashindye. Kichwa cha samaki sato alikuwa akikupa wewe, kwa kuwa ulikuwa mtoto wa watu. Leo mji mzima unajua kwamba marehemu mama yule alikulisha mizizi.

3. Jirani yangu Dorotea aliondolewa kwenye mstari kwa kuwa ni Mkristo. Ndiye aliyeosha sufuria zote za msiba wetu. Mama Kashindye hakusali msikitini wala kanisani, na kichwa cha sato alikupa bila kukuuliza dini.

4. Salum naye alikuwa akitoa, ila hakujua kutoa. Hakuwa na mabango ya picha kama yako. Alikuwa anasahau kwa makusudi ndoo ya dagaa barazani kwa Dorotea, kisha anarudi nyumbani akilalamika kwamba kichwa chake kimezeeka. Nahofia malaika hawakuandika kitu, maana kamera haikuwepo. Wewe hofu hiyo huna.

5. Kwa hiyo naomba mabango yote yashushwe na picha zote zifutwe. Ikishindikana, Ramadhani ijayo sisi wajane tuje Buswelu na kamera, tukupige picha ukifuturu. Ukionekana umeshiba, tutarudia.

Msalimie mkeo Nasma, watoto wote, na yule mpiga picha.

Ni mimi shemeji yako,
Mwanvua, mke wa marehemu Salum.

N.B. Shemeji, bango la mwaka jana lililo getini kwako usilishushe. Nyuma ya bega lako yupo Salum, amebeba mifuko miwili, anacheka, na lile jino lake lililovunjika linaonekana. Simu yetu ilizama ziwani na picha zote, kwa hiyo nyingine anayocheka hatuna. Siku likichakaa, naomba nikatiwe kipande hicho. Mfuko nitaushika hata mara kumi, na sura nitaiweka mtakavyo. Ukipita hapo getini, tukumbuke.