Kibali cha Kutoka Nyongani

"Nyonga yangu, kizazi changu! Wewe unaingiaje hapo katikati?"

"Naingia kwa wadhifa wangu," alijibu Mwenyekiti bila kuinuka kwenye kiti chake cha barazani. "Na punguza sauti, jirani. Suala hili ni nyeti."

Nyeti wapi, na mtaa mzima ulishajazana ukutani? Waliotumwa maji walikuwa wamegeuza ndoo viti. Bi Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alisimama katikati ya ua, tepu ya kupimia shingoni, mikono kiunoni, na wala hakuonekana mtu wa kupunguza chochote.

Mwenyekiti alimhurumia. Raia hawajui uzito wa kuongoza. Asubuhi hiyohiyo redio ilikuwa imetangaza, kwa muziki wa tarumbeta, kuzaliwa kwa Kamati Kuu ya Kuratibu Mienendo ya Seli, chini ya uenyekiti wake. Azimio la kwanza lilipita kwa makofi: kuanzia leo, hakuna chembe ya mwili itakayohama kiungo kimoja kwenda kingine bila kibali. Itakayobainika kuhama kiholela itarudishwa kituo chake cha awali kabla ya jua kuzama. Wajumbe walilichambua jambo hilo kwa kina. Aliyetoka idara ya barabara aliuliza kama kizazi kina mitaro.

"Nisikilize, shemeji," alisema Bi Pindo. "Mimba ilipoharibika walinisafisha kwa pupa, ukuta wa kizazi ukabaki makovu matupu. Sasa daktari anataka kuchota seli shina kwenye mfupa wa nyonga yangu mwenyewe, azipeleke huko, labda ukuta uote upya. Labda! Hakuniahidi mtoto, kaniahidi kujaribu. Na ni kesho asubuhi. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine, mimi narudi mkiani. Mpaka nifikiwe tena nitakuwa bibi asiye na mjukuu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini seli ni mtumishi. Mtumishi hahami bila barua ya kituo anachotoka na barua ya kituo anachokwenda. Nyonga yako imeandika?"

"Nyonga iandike?"

"Umeona sasa? Tena zikiondoka, nyonga itabaki na ikama gani?"

"Ikama!" Bi Pindo aliwageukia watu. "Jamani, mimi nalilia mtoto, mwenzangu ananihesabia watumishi wa mfupa!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Pindo hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya tepu, na Mwenyekiti akatazama pembeni, maana kanuni hazikuwa na kifungu cha machozi. Akaivuta vizuri kofia yake ya sufi, ambayo hakuwa ameivua tangu arudi semina mwezi uliopita, pamoja na jua lote lile.

Mkewe akatokea mlangoni, mwiko mkononi. Yeye na Bi Pindo ni mashoga wa kushibana.

"Baba watoto, nina swali dogo kwa Kamati. Zile nywele zilizotolewa kisogoni zikapandwa utosini, huko semina, kisogo kiliandika barua?"

Hata ndoo ziliacha kuyumba.

"Zile," alisema Mwenyekiti taratibu, "hazikuhama. Ziko safarini kikazi."

"Zinalipwa posho?" sauti ikauliza ukutani.

Kinyozi wa mtaani alikuwa amepata kisa cha kusimulia mwaka mzima. Akajipenyeza mbele. "Mheshimiwa, azimio linasema zirudi kabla ya jua kuzama. Mimi kibano ninacho mfukoni. Nianzie kushoto au kulia?"

Mwenyekiti alilitazama jua. Lilikuwa limeshainama. Akaishika kofia kwa mikono miwili na papo hapo akaitisha kikao cha dharura. Akidi ilitimia, yeye mwenyewe akiwepo. Baada ya mjadala mzito aliousikia peke yake, ikaamuliwa kwamba mwili mzima wa binadamu ni kituo kimoja cha kazi, na ndani yake kila chembe iende itakako. Muhuri hutembea nao, hamwamini mtu. Akaugonga kwenye karatasi ya azimio juu ya paja, akamkabidhi Bi Pindo.

"Haya, shoga, ingia ndani ule," mkewe akasema. "Kesho daktari kakwambia uende na njaa, usije ukaanza leo."

Mwenyekiti naye akainuka, harufu ya chakula ikimvuta. Mwiko ukamzuia mlangoni.

"Wewe unatoka barazani, unahamia mezani. Kibali kiko wapi?"

"Si tumeamua ni kituo kimoja?"

"Mwili, ndiyo. Nyumba hamkuikalia kikao."

Akabaki kizingitini, mtaa ukimtazama kisogo. Hatimaye sauti ya Bi Pindo ikatoka ndani, mdomo umejaa:

"Mwachie, shoga, mwenzetu ana njaa. Karibu chakula, shemeji. Ila kofia uiache hukohuko nje."