Kikaango Kilichotikisa Usumaku wa Dunia

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Habari mbaya nimepewa nikiwa na kisu mkononi. Aliyeumia ni kiazi. Mjukuu wangu anataka kuchukuliwa!

Kazi yake hapa kituoni ni kupima usumaku wa dunia. Mimi ni mpishi wao. Anasema siku hizi kibanda chake kimepoa mno, mstari wa kwenye kompyuta umenyooka wiki sita kama kamba ya kuanikia nguo. Mkuu wa kituo anafikiria kumpeleka kaskazini, kule dunia inakoishia. Miaka mitatu. Jibu ni Ijumaa.

Miaka mitatu! Mtoto niliyemlea tangu ana meno mawili! Hata hizi herufi nimezipata kwa kumsimamia afanye kazi zake za darasa la kwanza. Nani atamkumbusha kula huko?

Nikamuuliza kaskazini kuna nini cha maana. Akaacha kumenya, akatazama dirishani. Akasema jua linapuliza chembe ndogo zenye umeme, ndogo kuliko vumbi la vumbi. Zikifika kwetu, dunia inazinasa kwa nyuzi za usumaku zisizoonekana. Basi chembe inajizungusha kwenye uzi wake kama mtu anayecheza peke yake chumbani, huku inateleza kwenda kaskazini. Ikikaribia inazuiwa, inageuka, inateleza kusini. Huko nako inazuiwa. Inarudi. Na wakati huohuo zote zinasogea kuizunguka dunia, nyingine kwa mashariki, nyingine kwa magharibi, wala hazichoki. Zikizidi wingi, mstari unaporomoka. Hiyo ndiyo dhoruba. Nyingine zinaponyoka huko mwisho, zinaigonga hewa ya juu, na anga lote linawaka kijani.

Nilikaa naziona. Zinakuja, zinageuka, zinakwenda. Sijui nilikaa muda gani. Maharage yameungua. Wamekula, hakuna aliyethubutu kusema neno.

Nimeshaamua. Kabla ya Ijumaa huo mstari utacheza.

Jumanne, tarehe 10

Kibanda ni cha mbao, misumari yake ya shaba. Kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na chuma hakivuki mawe hayo, kisije kikauvuruga mstari. Si ufunguo, si pini ya nywele, si mkanda wenye kifungo cha chuma. Ndiyo maana jiko langu limetupwa mbali kama lina ugonjwa. Na kwenye mawe anakaa mlinzi. Namwita Pekuapekua. Huyo angeweza kumpekua hata mtoto mchanga.

Leo nimepita na sufuria kubwa, naimba. Nikajua atanirukia. Wapi! Akaigonga kwa kucha, akacheka, akaniambia nipite tu bibi yangu, hiyo ni alumini, sumaku haina habari nayo. Nikasimama na sufuria yangu karibu na kibanda kama nimekuja kuomba maji. Nikachungulia kompyuta dirishani, mstari haukushtuka hata kidogo.

Kwa hiyo kuna chuma na chuma! Miaka yote hii napika, hakuna aliyeniambia.

Mchana nikakaa kwenye kizingiti cha kibanda. Jua lilikuwa kali, nikafumba macho, nikalisihi kwa adabu lipulize kidogo upande wetu. Nililala. Nimeota niko kwenye uzi, nazunguka, miguu haigusi chini, viungo haviumi. Nikaamshwa na Pekuapekua, eti nakoroma hadi anashindwa kusikia redio.

Jumatano, tarehe 11

Nimeweza! Nimeweza!

Kikaango cha chuma, kile kizito cha kukaangia samaki. Nikakitia chini ya kapu, juu nikajaza maganda ya viazi, nikamwambia Pekuapekua nakwenda kurutubisha maua nyuma ya kibanda. Akachungulia maganda, akakunja pua. Nikamwambia hata kwake kunanuka, ila sisi hatusemi. Akanipisha.

Nimekilaza nyuma ya ukuta wa mbao, nikakifunga kamba, nikajificha kichakani. Nikawa nakivuta polepole, nakiacha, nakizungushia upande wa pili, nakivuta tena. Upepo ulikuwa mtulivu. Kipepeo akatua kwenye kamba. Nikajisikia mimi ndiye jua.

Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mjukuu wangu akatoka mbio, nywele zimemwagika mabegani kwa kukosa pini. Anapiga kelele kuwa mstari umeruka, Bibi, umeruka! Akanikumbatia hapohapo kichakani, wala hakuuliza nafanya nini kichakani. Alikuwa anatetemeka kama nilipompa kiatu chake cha kwanza.

Nimefurahi mpaka nimelia kidogo. Ijumaa haina kazi tena.

Alhamisi, tarehe 12

Ole wangu.

Mkuu amepiga simu vituo vingine vyote. Kumbe dhoruba ya jua haichagui kijiji. Ikija inaikamata dunia nzima kwa mara moja. Na jana dunia nzima ilikuwa imelala doro, isipokuwa nyuma ya kibanda chetu! Mkuu anasema ama mashine inadanganya, ama anayeisoma.

Mjukuu wangu hakugusa chakula. Nikaenda kukitoa kikaango. Pekuapekua akanikuta nimekikumbatia, akaniuliza napanda nini hapo. Nikamwambia kikaango kinaota jua. Hakucheka. Akaniambia taratibu nimwambie mtoto mimi mwenyewe, kabla yeye hajalazimika kusema.

Nimemwambia. Jikoni, nimempa mgongo, nasugua chombo kilichokwisha kuwa safi. Akaniondolea chombo mikononi. Halafu akaniambia kuhusu barua. Kaskazini hapelekwi na mtu. Ameomba mwenyewe, miezi miwili sasa, ila kila akifungua kinywa kuniambia anaona uso wangu. Aliota anga lile tangu yuko shule. Na sasa hawatamchukua, kwa sababu nani atampokea mtu ambaye mashine yake inasema uongo?

Nikamwekea uji. Ukapoa.

Ijumaa, tarehe 13

Nimevaa gauni la kanisani, nimeingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi, nimekiweka kikaango juu ya makaratasi yake. Nikamwambia dhoruba yako hii hapa. Mtoto hana kosa na mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mimi na nina miaka sabini na mmoja, kwa hiyo kama ni kufukuza, anifukuze upesi, nimeacha mchuzi motoni.

Mkuu akavua miwani. Akakinyanyua kikaango, akakipima uzito. Akaniuliza nilianza kukivuta kulia au kushoto. Nikamjibu kushoto. Akachukua mstari wa juzi, akaufuata kwa kidole, akasema ni kweli, nundu ya kwanza hii hapa, ya pili ni pale nilipokizungusha. Akacheka mpaka akashika meza.

Akasaini barua palepale. Mtoto anaondoka kesho kutwa, Jumapili jioni.

Mjukuu wangu ameniegemea bega muda mrefu. Anasema mimi ni bibi wa ajabu. Nikamwambia asininyeshee gauni.

Jumapili, tarehe 15

Nyumba imetulia. Yuko nje anaagana na majirani. Wote wananisifu, eti nimekubali kama mtu mzima. Hata Pekuapekua amenishika mkono.

Na kweli nimekubali. Asubuhi yote nimekaa dirishani na koti lake zito la baridi mapajani, vumbi linaelea kwenye mwanga, linapanda, linashuka, halina haraka. Nikawaza chembe zake. Nikawaza naye huko, amesimama chini ya anga la kijani, kinywa wazi kama mtoto. Azione. Ana haki ya kuziona. Wiki moja, mbili, zinatosha.

Kwa sababu nimemaliza kushona. Ndani ya pindo la koti kuna nati sita za chuma, nimezipanga vizuri, hazigongani. Nimezifungua kwenye kishikio cha mizigo cha baiskeli ya Pekuapekua, atanisamehe. Kila atakapozisogelea mashine zao, mstari utaruka. Akiondoka, utatulia. Wale ni wasomi, hawatachukua muda kugundua mwenye kasoro ni nani. Watamrudisha.

Kitanda chake nimeshakitandika.